Tupeane uzoefu: Iron Lung, wewe roho ilitaka kutoka sehemu gani?

Mzuka wa Tabata
Wakuu habari za mida hii. Nimemaliza gemu la Iron Lung jana usiku na mpaka sasa friji likiunguruma nashtuka. Kwa ambao hawajaigusa, nyota zote na sayari za kuishi zimepotea ghafla, waliobaki ni wale waliokuwa kwenye vyombo na vituo huko angani. Wewe ni mfungwa. Unawekwa kwenye kinyambizi chakavu, wanakuchomelea humo ndani, dirisha la mbele limezibwa kwa chuma, halafu unashushwa kwenye bahari ya damu kwenye mwezi unaitwa AT-5. Una ramani, namba za X na Y, nyuzi za uelekeo na kitufe cha kamera basi. Ukipiga picha zote ulizoagizwa eti unaachiwa huru. Sasa tupeane uzoefu, wewe ilikushinda wapi? Mimi moto ulipowaka ndani nikasimama tu naangalia, ile mitungi ya kuzimia moto niliikumbuka mwishoni kabisa.

Binti Mwambani
Ile picha ya sura. Sitaki kuongea zaidi.

Chuma Ulete
Binti Mwambani umenikumbusha mbali dada yangu. Nilikuwa naona mawe, mifupa, mawe, nikaanza kuzoea nikajiambia hii ya kitoto, nikabonyeza kamera, picha ikaja polepole na zile chenga zake, mwanzo nikadhani ni mwamba, halafu nikaona hilo ni jicho na linaangalia huku kwangu. Nilitoa hedifoni nikaenda kuwasha taa ya sebuleni, mama watoto akauliza kuna nini nikamwambia mbu.

Nahodha Bila Meli
Hahaha mbu

Fundi Rada
Mimi niseme ukweli mnaikuza. Gemu la saa moja hivi, chumba kimoja, hujui hata adui anafananaje. Grafiki za miaka ya 90. Nilinunua Steam, lile duka la magemu mtandaoni, nikamaliza, nikaomba hela yangu nikarudishiwa siku ile ile. Hiyo ndiyo akili.

Mzuka wa Tabata
Fundi Rada sasa hapo umefanya nini mkuu? Umekula wali ukamaliza halafu unarudisha sahani unadai hela?

Fundi Rada
Sheria yao inasema chini ya saa mbili za kucheza na ndani ya siku 14 unarudishiwa. Sijaiba. Kama hataki atengeneze gemu refu.

Binti Mwambani
Sheria ile ni ya gemu lililokugomea au hukulipenda kaka, siyo la kulimaliza. Na huyu David Szymanski siyo kampuni yenye jengo, hili gemu kalitengeneza mwenyewe, ndiye yule yule wa gemu la Dusk la 2018. Bei haifiki hata dola kumi. Hawa wa gemu fupi ndio mnaowaua kwa tabia hiyo.

Fundi Rada
Aliuza sana 2023 usimlilie.

Mlinzi wa Lindo la Pili
Aliuza kwa sababu ya ile Titan, chombo kilichopasuka Juni 2023 kikienda kuangalia mabaki ya Titanic, watu watano wakafa. Watu wakakimbilia kununua gemu la nyambizi. Gemu lenyewe lilikuwa limetoka zamani, Machi 2022. Mimi wiki ile nilishindwa kabisa kulifungua, niliona kama kwenda kula kwenye msiba wa nisiowajua. Wengine walicheka mtandaoni, mimi hapana.

Popo Mstaafu
Mimi sijacheza ila nimemwangalia Markiplier, yule jamaa wa YouTube, akicheza, ndiye huyo huyo akaja kulitengenezea filamu. Inatisha kiasi.

Chuma Ulete
Popo wewe hujacheza basi kaa pembeni. Kumwangalia mtu YouTube anapiga kelele na kuogopa mwenyewe gizani ni vitu viwili. Utamu wa hili gemu ni zile namba, unasogea huoni unakokwenda, unaangalia X inapanda, Y inashuka, unahesabu kichwani, kile kidude kinapiga pii pii kwamba ukuta uko karibu, unageuza, bado pii pii, unaangalia ramani upande huo hakuna ukuta. Hakuna ukuta mkuu. Sasa ni nini kinalia?

Popo Mstaafu
Nimekaa pembeni bosi

Kibwana wa Likoni
Hamjambo jamani. Mimi si mtu wa magemu, ni mpwa wangu aliyeniwekea nikiwa kwake, na wallahi sikufika nusu. Si kwa hizo picha. Ni kile chuma kinavyolia.

Zamani nilikuwa kibarua wa kusafisha matenki ya meli, yale ya maji ya kuisawazisha meli, huko chini kabisa. Waingia kwa tundu dogo, mtu mzima apita kwa kujikunja, ndani kumegawanywa vyumba vyumba, wapenya kutoka kimoja kwenda chengine kwa matundu, watambaa kwenye tope na kutu. Taa ni moja ya waya imeletwa kutoka juu. Siku hiyo nilikuwa nimeingia mbali sana nakwangua kona ambayo wenzangu waliikataa, sasa wao wakatoka kwenda kula mimi sina habari, mara taa pya. Nikadhani jenereta. Nikangoja. Nikaanza kurudi kwa kupapasa, giza lile hata ufumbe macho au ufumbue ni sawa, nikahesabu matundu nikapoteza hesabu, halafu nikasikia juu yangu kitu chazungushwa. Nati. Wafunga kifuniko.

Nilipiga ukelele hata sauti ikakauka. Nikapiga chuma kwa kile kikwanguo, lakini meli nzima huwa yalia, kila mtu juu apiga kitu, nani atakusikia wewe. Nikakaa. Hapo ndipo nikaanza kusikia nje, maji yapita ubavuni, tagi, ile meli ndogo ya kuvuta meli kubwa, ikapita karibu na rafadha yake, chuma chote kikatetemeka mgongoni pangu. Kichwa kikaanza kuwa kizito, nikawa nataka kulala, na si usingizi wa kuchoka. Aliyenitoa ni jamaa aliyekuwa anidai. Alikuja kunitafuta wakati wa malipo asinikose, akaona shati langu lining'inia pale tunduni, akawauliza mwenye shati hili yuko wapi?

Sasa mpwa wangu aniwekea hedifoni, chuma kile chalia krrr, nami nimefungiwa, kioo hakuna. Nikazivua nikamwambia bwana we, haya mambo yangu nishayacheza.

Binti Mwambani
Subhanallah

Nahodha Bila Meli
Uzi ufungwe.

Mzuka wa Tabata
Mzee Kibwana pole sana. Na yule jamaa ulimlipa?

Kibwana wa Likoni
Nililipa siku ile ile na juu nikampa ya chai. Hata leo akipiga simu napokea.

Fundi Rada
Hii ni chai. Tenki la meli haliingiwi bila hewa kupimwa, na lazima kuwe na mtu wa kusimama mlangoni na orodha ya majina. Nimesomea mambo ya bahari.

Mlinzi wa Lindo la Pili
Fundi Rada umesomea, mwenzio ameingia. Hiyo orodha ipo kwenye makaratasi, kibarua wa siku anaandikwa na nani? Na hilo la kusikia usingizi ni kweli kabisa, kutu inakula oksijeni, tenki likifungwa muda mrefu chuma chenyewe kinamaliza hewa, na huwezi kunusa kitu. Watu wanakufa humo na anayewafuata kuwaokoa naye anaanguka hapo hapo. Wewe nenda karudishiwe hela zako.

Fundi Rada
Haya msinimeze.

Chuma Ulete
Turudi kwenye mada. Anayetaka kucheza: usiku, taa zima, hedifoni, chora mstari wa njia yako kwenye karatasi kabla hujasogea.

Binti Mwambani
Usimsikilize huyo, cheza mchana, mlango wazi, mtu awe jikoni anakaanga kitu. Na usipige picha ovyo ovyo, pale palipowekwa alama tu.

Nahodha Bila Meli
Kinyume chake piga picha kila hatua, ndiyo macho yako hayo. Na msome ile kompyuta ya ndani jamani, watu wanairuka, habari zote za wafungwa na hao waliokutuma zimo humo. Ukisoma unaelewa kwamba hata ukimaliza picha zote zile

Mzuka wa Tabata
NAHODHA ISHIA HAPO HAPO

Nahodha Bila Meli
Sijasema kitu!

Popo Mstaafu
Mwisho anakufa, si nimeona kwa Markiplier

Chuma Ulete
Popo nani alikuuliza?? Mods mpeni huyu mtu likizo

Kaka wa Kompyuta Mbovu
Samahani wakuu nimechelewa, hili linakubali kwenye simu? Na laptopu ya ram 4 itabeba?

Binti Mwambani
Simu hapana. Hiyo laptopu jaribu, gemu lenyewe ni jepesi, yangu ni ya zamani na ilibeba. Ila usimuulize Fundi Rada namna ya kulipia.