Ulinganisho: Albamu ya kauntri, uingie studio na bendi yako ya ziara au ukodi wapiga vyombo?

Kijiti_cha_Nne
Wakuu, tulinganishe bila ushabiki. Mwimbaji wa kauntri ana nyimbo 10 na siku 5 za studio. Naona njia tatu.

Ya kwanza ni kuingia na bendi ileile anayozunguka nayo, kama Buck Owens na Buckaroos kwenye studio za Capitol, Hollywood. Ya pili ni kuiacha bendi nje na kukodi wapiga vyombo wa studio wa Nashville, Marekani. George Strait amezunguka miaka na miaka na bendi yake, Ace in the Hole, ila albamu zake kwa sehemu kubwa zimepigwa na wapiga vyombo wa studio. Ya tatu ni kuchanganya: Traveller ya Chris Stapleton (2015) ina drams za Derek Mixon na besi ya J.T. Cure, watu wake wa jukwaani, kisha wakaalikwa Robby Turner kwenye stili (gitaa la kulaza lenye pedali) na Mickey Raphael wa bendi ya Willie Nelson kwenye harmonika.

Ipi inalipa, na kila moja inaharibikia wapi?

Namba_Tu
Watu hudhani mpiga vyombo wa studio unamlipia wepesi wa vidole. Unamlipia muda. Kikao cha chama cha wanamuziki kule Nashville ni saa 3, na miaka ya 1960 ilikuwa kawaida zitoke nyimbo 3 au 4 humo. Kiongozi wa kikao hulipwa mara mbili ya wenzake.

Siri yao ni chati za namba, yaani karatasi zinazoandika kordi kwa namba badala ya majina. Neal Matthews Jr. wa kundi la waimbaji la Jordanaires alizianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950, Charlie McCoy akazieneza. Ubeti mzima ni huu:

1 1 4 1
1 1 5 5
1 1 4 4
1 5 1 1

Kila namba ni mapigo manne. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa G, 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D. Koo la mwimbaji likigoma asubuhi mnashuka F, na karatasi ni ileile. Kordi ya mainor inawekewa kistari. Ile inayopigwa mara moja na kuachwa ilie inachorewa almasi.

Bendi ya ziara mara nyingi haina karatasi. Wimbo umekaa mikononi. Prodyuza akisema "kateni solo iwe nusu", mikono inarudi njia ya jukwaani bila kuombwa. Kwa hiyo hata ukienda na bendi yako, andika chati za nyimbo zote kabla.

Mama_Santuri
Namba_Tu, uko sahihi, lakini kuna kitu chati haiandiki. Sikiliza Together Again ya Buck Owens (1964), pale Tom Brumley anapoingia na solo ya stili. Halafu sikiliza Don Rich anavyoitikia: anakata neno palepale Buck anapokata, pumzi kwa pumzi. Hiyo ni barabara imewafundisha.

Mwimbaji Waylon Jennings aligombana na RCA, kampuni yake ya rekodi, kwa jambo hilihili. Kampuni ilitaka studio zake na mafundi wake. Yeye alitaka bendi yake, Richie Albright akiwa kwenye drams. Mkataba mpya wa 1972 ulimpa nafasi, na mwaka uliofuata ikatoka Honky Tonk Heroes. Willie Nelson naye, mwaka 1975, aliichukua bendi yake hadi studio ya Autumn Sound, Garland, Texas, wakarekodi Red Headed Stranger. Vyombo vilikuwa vichache hivi kwamba wakubwa wa Columbia, kampuni yake ya rekodi, walidhani ni rekodi ya majaribio. Ndiyo iliyompa Blue Eyes Crying in the Rain, wimbo wake wa kwanza kushika namba 1 ya kauntri akiwa mwimbaji.

Fundi_Maiki
Mnaongelea mapenzi, mimi naongelea kuvuja kwa sauti. Bendi yote ikiwa chumba kimoja, kila maiki inadaka kila mtu. Sauti husafiri mita 1 kwa takriban milisekunde 3, hivyo snea (ngoma ndogo ya kati ya drams) iliyo mita 3 kutoka kwa fidla inafika kwenye maiki ya fidla ikiwa imechelewa milisekunde 9. Ukijumlisha maiki ya fidla na ya snea, snea inapoteza mlio.

Kanuni ya kuanzia ni moja kwa tatu: maiki ikiwa sentimita 30 kutoka kwa chombo chake, maiki ya jirani iwe sentimita 90 au zaidi kutoka kwa maiki hiyo. Besi iingie kwa waya moja kwa moja. Ampu ya gitaa la solo iweke chumba kingine au igeuze mgongo kwa drams, na kati yenu simamisheni vizuizi vyenye blanketi nzito.

Kinachoua zaidi ni sauti ya mwimbaji. Akiimba ndani ya chumba kimoja na drams, sauti yake inaingia kwenye maiki za juu ya matoazi. Kesho akirudia kuimba vizuri zaidi, ile ya jana bado inasikika nyuma kama mzimu. Pima mapema: rekodi kiitikio kimoja, zima maiki yake, sikiliza matoazi peke yake. Ukimsikia, ama mweke kwenye kibanda chenye kioo, ama kubalini kwamba teki (yaani rekodi ya mara moja ya wimbo) itakayochaguliwa ndiyo sauti ya albamu.

Tabia za jukwaani nazo zina gharama. Dramu zinapigwa kwa nguvu ya uwanjani, wimbo unakimbia, na kila mtu anajaza nafasi kwa sababu jukwaani kimya kinaogopesha. Dawa: fimbo nyepesi, na mtu mmoja tu wa kujaza katikati ya mistari. Ubeti wa kwanza gitaa, wa pili stili, fidla ingoje kiitikio.

Stili_E9
Nyongeza kwa stili. Stili yenye tyuni ya E9 ina nyuzi 10, na wapigaji wengi huishusha noti ya G♯ kidogo chini ya alama ya kifaa cha kupimia ili kordi itulie. Ikisimama yenyewe ni tamu. Piano ikiingia, inasikika chafu, nanyi mtamlaumu mwimbaji. Pigeni kordi ya E pamoja kabla ya teki ya kwanza, na stili irekebishe tyuni yake kuifuata piano, maana tyuni ya piano haisogei.

Redio_ya_Jumapili
Wakenya wenzangu tunaompenda Jim Reeves tukumbuke: alizunguka na Blue Boys, lakini ulaini wa He'll Have to Go (1959) una piano ya Floyd Cramer na waitikiaji wa Anita Kerr, watu wa studio. Njia ya pili isidharauliwe.

Kijiti_cha_Nne
Shukrani wadau. Basi nauliza: nyimbo 6 zimeshachezwa ziarani, 4 ni mpya kabisa. Na kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo kwenye hedifoni, itumike?

Namba_Tu
Sita bendi yako, nne mchanganyiko. Zile mpya usizifundishe bendi studio kwa saa unayolipia.

Fundi_Maiki
Kliki mpe mpiga drams peke yake, tena mapigo manane ya mwanzo, kisha izimwe. Kasi ipangeni mazoezini: kama jukwaani wimbo unakwenda mapigo 112 kwa dakika, jaribuni 106 na 108 mwimbaji akitamka maneno yote. Ila mkitaka kuunganisha ubeti wa teki ya 2 na kiitikio cha teki ya 4, kliki ibaki mwanzo hadi mwisho. Na nyuzi mpya za gitaa zifungwe jana yake, zivutike usiku.