Watoto wa Bi Mwanaidi, Muheza

JUMAMOSI

06:48 Zaina: Assalaam alaykum wote. Someni hadi mwisho, msiruke. Mama kaanguka alfajiri akienda msalani. Hajavunjika alhamdulillah, ila paji la uso limevimba. Rukia kamkuta chini, kalowa jasho, anatetemeka, anamwita marehemu baba.

06:50 Zaina: Kipimo cha sukari cha kidole kilisoma 3.1. Rukia kamnywesha maji ya sukari, robo saa ikapita ndipo akamtambua.

06:51 Zaina: Ni mara ya pili mwezi huu. Ile ya kwanza mlisema uzee.

07:20 Omari: Subhanallah. Mpeni Mama pole

07:21 Omari: Sasa 3.1 ni nzuri au mbaya? Mie najua za mpira tu, tatu moja umeshinda

07:21 Nuru: 😂😂

07:22 Zaina: Omari.

07:22 Omari: Nauliza kweli dada

07:40 Tatu: Ni ya kushuka, shemeji. Kwa anayemeza dawa za sukari, chini ya 4 ni hatari, na kwa mzee ndiyo zaidi. Sukari ya juu inamla mtu taratibu, ya kushuka inaweza kumchukua usiku mmoja. Wifi Rukia, jana usiku alikula nini?

07:52 Rukia: Uji nusu kikombe. Alisema tumbo limejaa. Dawa kameza zote

07:53 Tatu: Zote zipi? Zitoe zilipo uziandike hapa.

08:10 Rukia: [picha]

08:14 Rukia: Za sukari mbili, metformini na glibenklamidi. Za presha tatu, amlodipini, losatani na ile ndogo ya kukojoza. Aspirini ndogo. Matone ya macho. Diklofenaki ya magoti, hiyo ananunua mwenyewe duka la dawa. Na chupa ya mizizi

08:15 Tatu: Diklofenaki tangu lini?

08:19 Rukia: Tangu kabla ya Ramadhani. Bila hiyo hainuki kwenye mkeka wa swala

08:41 Tatu: Mimi ni muuguzi, si daktari, ila nisikilizeni. Mama ana daftari la sukari, daftari la presha na la macho, kila moja kwa daktari wake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona meza hiyo nzima aliyoipiga picha Rukia. Diklofenaki inapandisha presha. Presha ikipanda anaongezewa dawa ya presha. Tena diklofenaki ikikutana na losatani na ile ya kukojoza, figo zinaumia. Figo zikichoka, glibenklamidi inakawia mwilini, inashusha sukari usiku kucha na yeye kalala na uji nusu kikombe. Ya kukojoza inamwamsha, anasimama ghafla, kizunguzungu, chini. Kila dawa ukiitazama peke yake ina sababu yake.

08:44 Tatu: Diklofenaki aiache leo hii. Magoti tumsaidie kwa parasetamoli kwa kipimo chake, na kumkanda maji ya moto. Za presha MSIZIKATE kienyeji, mtamletea kiharusi. Ile glibenklamidi nampigia daktari wake sasa hivi, tusingoje Jumatatu.

08:58 Shangazi Mwajuma: Ila ile ya mizizi aendelee nayo. Haina kemikali ile

09:03 Tatu: Shikamoo shangazi. Muuzaji anasema inashusha sukari. Kama ni kweli, basi inashusha juu ya mbili anazomeza. Naomba nayo iwekwe kando mpaka daktari aione.

09:04 Shangazi Mwajuma: Marahaba. Mnh

09:30 Zaina: Sasa mpango. JUMATATU saa 1 asubuhi Mama anaenda hospitali. Dawa zote ndani ya mkoba mmoja, hata chupa ya mizizi, na daftari zote tatu. Daktari mmoja azione zote kwa pamoja, aseme ipi ibaki na ipi iondoke. Apimwe figo, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Asisahau kitambulisho, apite dirisha la wazee.

09:31 Tatu: Na apimwe presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Hiyo ombeni wenyewe, wasipofanya. Tena muulizeni daktari sukari yake iwe ngapi. Ana miaka 76, hatafutiwi sukari ya kijana.

09:35 Zaina: Nataka mtu wa kumsindikiza. Rukia peke yake hawezi kumshika Mama huku kashika foleni. Mimi mguu wangu bado uko kwenye plasta. Mchango 30,000 kila nyumba. Nani anakwenda?

10:20 Zaina: Naona mmesoma watu kumi na moja.

10:34 Hassani: 🙏

10:36 Zaina: Hassani hiyo mikono ni unakwenda au unaomba dua?

10:40 Omari: Usafiri msimpandishe bajaji. Mnakumbuka ile siku ya Korogwe

10:41 Nuru: 😂😂😂 "Mwanangu nishushe, kuku wangu kabaki"

10:41 Omari: Na kuku alikuwa mapajani kwake!!

10:43 Hassani: Yule dereva mpaka leo akiniona anauliza kuku hajambo

10:50 Zaina: Jamani. Mama ana nundu kwenye paji la uso.

10:51 Omari: Samahani dada

13:28 Shabani: Nilikuwa kikaoni. Poleni. Natuma yangu jioni. Ila safari hii hela ziende na hesabu, tusirudie ya 2017

13:35 Rukia: Ya 2017 yapi kaka?

13:36 Shabani: Unayajua

13:49 Rukia: Siku 19 nililala sakafuni wodini kwa baba. Mlikuja na machungwa mkaondoka na basi la saa nane. Halafu hesabu ya minazi mkaja kunidai mimi. Leo ni nani anamtoboa Mama kidole kila asubuhi? Ni nani anajua akiamka vibaya?

13:50 Zaina: Tuyaache hayo mdogo wangu

13:50 Rukia: Dada kila siku tuyaache

13:52 [Ujumbe huu umefutwa]

13:53 Tatu: Baba Salma, tafadhali.

14:40 Mjomba Kombo: [sauti, dakika 3:02]

14:55 Nuru: Kwa walio kazini nimeandika alivyosema babu: "Nimetoka kwa dada yangu sasa hivi. Tulizaliwa sita, tumebaki wawili. Nimemuuliza kwa nini hakuwaambia madaktari habari za dawa ya magoti. Kasema akiwaambia watamkataza, na akikatazwa ataswali kwenye kiti, na kiti anakiona cha watu walioshindwa. Nikamwambia Mwanaidi, mimi naswali kwenye kiti mwaka wa nne huu, nawe hukuwahi kuniambia nimeshindwa. Akalia. Sasa nyie. Hela tumeni, lakini hela haimshiki mtu mkono akisimama usiku. Na huyo Rukia nimemkuta anasinzia kasimama jikoni, sufuria iko motoni. Minazi nisiisikie tena maadamu niko hai."

16:57 Hassani: Shikamoo mjomba. Tumesikia

17:05 Shabani: Nimekusikia mjomba. Shikamoo

17:06 Shabani: Rukia, neno lile halikuwa la kusema leo. Wala siku nyingine. Nisamehe

17:30 Tatu: Daktari kapokea. Kasema glibenklamidi asimeze leo wala kesho mpaka amwone, metformini aendelee kwa chakula. Mama asilale bila kula. Sukari ipimwe usiku kabla ya kulala. Ikishuka tena chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kipimo kirudiwe baada ya dakika 15, ikipanda apewe chakula. Akiwa hajitambui msimnyweshe kitu, mbioni hospitali.

17:34 Zaina: Ahsante wifi. Rukia umeona? Bado nauliza nani anakwenda.

17:50 Shabani: Nitaangalia ruhusa kazini. Siahidi

18:12 Omari: Mie naweza kupanda basi kesho nikalala hapo, Jumatatu niende nao. Jumanne lazima nirudi

18:13 Zaina: Je majibu ya figo yakitoka Jumanne?

18:13 Zaina: Omari?

19:02 Zaina: Waliotuma: Tatu, Shangazi, mimi. Nyumba tatu kati ya tisa.

21:40 Shangazi Mwajuma: Kile kiti cha mbao cha marehemu kipo kwangu. Kijana apite akichukue

22:38 Rukia: Sukari 7.4. Kala ugali na samaki, si haba. Dawa za magoti nimezificha kwenye debe la mchele, ananiuliza ziko wapi. Nimlaze kwangu leo

22:39 Rukia: Kaka Shabani nimeona

22:41 Zaina: Alhamdulillah. Acha taa ya ukumbini iwake.

22:43 Zaina: Omari tiketi umekata?

22:58 Zaina: Omari naona uko hewani.