BIOS au EFI kwenye mashine pepe: ipi inasumbua kidogo Linux ikibuti?

pengwini_kimya: Wakuu, ni Debian 12 (aina ya Linux) ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), RAM MB 4096, diski GB 25. Niache BIOS (mfumo wa zamani wa kuwasha kompyuta) ilivyo au niwashe EFI (ule mpya, huitwa pia UEFI)? Ninachotaka ni ibuti (iwake) tu, bila vituko.

mzee_grub: Acha BIOS. Diski ya GB 25 haina cha kufaidi kwenye EFI. Mtego ni mmoja: kisakinishi kikiuliza GRUB (programu inayoipakia Linux) iwekwe wapi, kishale hukaa kwenye chaguo la kuandika jina kwa mkono, na wengi hubonyeza Enter tu. Shuka uchague /dev/sda (diski nzima), wala si /dev/sda1 (patisheni, yaani kipande kimoja cha diski). BIOS huanzia mwanzo wa diski nzima.

dada_root: Mzee, EFI si mbaya hivyo. Tabu yake ni kwamba njia ya kuifikia GRUB huandikwa kwenye NVRAM (kumbukumbu ya mipangilio ya EFI) ya mashine pepe, si ndani ya diski. Ukinakili VDI (faili la diski pepe) peke yake na kuiunganisha kwenye mashine nyingine, NVRAM inabaki kule, nawe unajikuta kwenye UEFI Shell (skrini ya kuandika amri) ilhali diski ni nzima. Hapo andika:

`fs0:`
`\EFI\debian\grubx64.efi`

Debian ikiwaka, maliza kazi:

`sudo grub-install --target=x86_64-efi --force-extra-removable`

Inaweka nakala kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, faili ambalo EFI hulitafuta hata NVRAM ikiwa tupu.

swichi_mbili: Kwa watu wa Hyper-V (programu ya mashine pepe ya Microsoft) swali hili hujibiwa wakati wa kuunda mashine: Generation 1 ni BIOS, Generation 2 ni EFI, na baadaye hakuna kubadili. Generation 2 huja na Secure Boot (ulinzi unaoruhusu programu zenye saini inayoaminika tu kuwaka) yenye kiolezo cha Microsoft Windows, ambacho kinaikataa Debian. Ingia Security, chagua Microsoft UEFI Certificate Authority. Arch (Linux nyingine) yenyewe, zima Secure Boot kabisa. ISO yake (faili la kusakinishia) haina saini hiyo.

kebo_nyekundu: Mnazisingizia tu hizo BIOS na EFI. "No bootable medium found" mara nyingi ni ISO haijachomekwa kwenye kiendeshi cha CD. Kama ipo, pima faili kwa amri ya sha256sum; huenda halikushuka lote. Chaguo za biti 64 hazionekani? VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe) imezimwa, na inawashwa kwenye BIOS ya kompyuta yenyewe, si ya mashine pepe. Skrini nyeusi baada ya menyu ya GRUB ni mambo ya michoro: weka kidhibiti cha michoro cha VMSVGA. Ikigoma, bonyeza e kwenye menyu hiyo, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10.

pengwini_kimya: Asanteni. Na nikisakinisha kwa BIOS halafu niwashe EFI baadaye?

dada_root: Haitabuti, maana EFI haitakuta faili lake. Kisanduku cha EFI kirudishe kilivyokuwa siku ya kusakinisha. Umesahau kilikuwaje? Buti kwa ISO ya live (inayowaka bila kusakinishwa), andika `lsblk -f`. Ukiona patisheni ndogo ya vfat (aina ya mfumo wa faili), ilisakinishwa kwa EFI.