Mrejesho: kasuku wangu wa Ujiji aliyekuwa akijinyonyoa manyoya

Wakuu, habari za siku nyingi. Ni mimi niliyeuliza kuhusu kasuku wa kijivu tuliyeachiwa na marehemu babu, aliyejinyonyoa kifua hadi akafanana na kuku wa kuchemsha. Asanteni sana kwa ushauri wenu.

Aliyesema nitazame kichwa alipatia: manyoya ya kichwani yalikuwa kamili, maana huko mdomo wake haufiki, kwa hiyo ni yeye mwenyewe anayejinyonyoa. Daktari wa mifugo alimkagua, hakukuta utitiri.

Basi nikamhamisha kutoka jikoni penye moshi wa mkaa, nikamweka sebuleni waliko watu. Nilipunguza alizeti, nikaongeza karoti, mchicha na pilipili (anazitafuna na mbegu zake, wala hashtuki, ndege hawasikii ule ukali). Kila asubuhi namnyunyizia maji, saa moja jioni namfunika kwa kanga alale. Lakini kilichosaidia kuliko vyote ni magunzi ya mahindi! Ukimpa moja, nusu saa nzima analichambua, manyoya kayasahau.

Ushauri wa kumkemea ulinishinda. Nikifoka, ananitazama machoni, anang'oa jingine. Nadhani alipenda kuangaliwa.

Sasa ni miezi minne. Tumboni manyoya yamechipua, kwanza kama vijiti vyenye ala nyeupe. Kifuani pana sehemu ya kiganja bado tupu, na daktari anasema vinyweleo (vitundu vya ngozi yanamoota manyoya) vikishaharibika huenda yasirudi. Nilipokwenda msibani Tabora siku tano, nilikuta kang'oa tena kidogo. Safari ijayo shangazi atakuja kukaa naye.