Veliky Novgorod: je, siku moja inatosha, au nilale huko?

MsafiriMakini

Habari zenu wanajukwaa. Mwezi Juni nitakuwa Saint Petersburg kwa mafunzo, na mwishoni nitabakiwa na siku mbili zisizo na ratiba. Wenzangu wananishauri nizitumie kuona chemchemi za Peterhof, lakini mimi, tangu niliposoma historia chuoni, nimekuwa na hamu kubwa ya kuuona Veliky Novgorod, mji uliokuwa na baraza lake la wananchi, lile lililoitwa veche, na ambao ulikuwa na uwezo wa kumfukuza mtawala aliyeshindwa kuwaridhisha wakazi wake.

Nina mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza ni kama safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo inatosha. La pili ni zito zaidi kwangu: nimesoma kwamba mji huo uliharibiwa vibaya katika Vita Kuu ya Pili, na ningependa kujua kutoka kwa aliyefika kama bado kuna cha kale cha kutazama, au kama nitakuta majengo mapya yaliyovikwa sura ya zamani.

Mwalimu_Rehema

Ndugu MsafiriMakini, nilisoma Saint Petersburg kwa miaka kadhaa na Novgorod nimekwenda mara nne, kwa hiyo ninalosema nalisema kwa kuupenda mji wenyewe: lala huko. Treni ya Lastochka kutoka kituo cha Moskovsky huchukua takriban saa tatu, na anayerudi siku hiyohiyo huishia kuona ngome, kupiga picha mbili tatu na kukimbilia kituoni.

Mji umegawanywa na mto Volkhov, unaotoka Ziwa Ilmen na kuelekea kaskazini hadi Ziwa Ladoga. Ng'ambo ya magharibi ni Upande wa Sofia, wenye ngome iitwayo Detinets. Ng'ambo ya mashariki ni Upande wa Biashara, palipokuwa na soko, makao ya wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa, muungano wa miji ya biashara, na uwanja wa Yaroslav. Mgawanyiko huo haukuwa wa ramani tu, kwani kumbukumbu za kale zinaeleza jinsi watu wa pande hizo mbili walivyokuwa wakikutana darajani na kupigana pale baraza lilipokosa kuafikiana. Leo kuna daraja la waenda kwa miguu kati ya ngome na uwanja wa Yaroslav, na mwezi Juni, ambapo usiku hauwi giza kamili, ukivuka hapo saa tano za usiku bado utaziona kuta nyekundu za ngome zikijitokeza juu ya maji. Kwa sababu hiyo peke yake ningekushauri ulale.

Lakini usianzie kwenye makuba. Anzia makumbusho yaliyomo ndani ya Detinets, na humo uliza kwanza barua za magome. Mwaka 1951 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba mjini walipata kipande cha gome la mti ambao Warusi huuita beryoza, kikiwa kimechorwa maandishi kwa ncha ngumu. Hadi sasa zimepatikana zaidi ya 1,100 katika mji huo, na zilidumu karne zote hizo kwa sababu udongo wa Novgorod umejaa maji na hewa haipenyi, hivyo mti na ngozi havikuoza. Si maandishi ya wafalme. Ni watu wanaodaiana fedha, mume anayemwagiza mkewe, mchumba anayeposa, mtu anayelalamika kwamba ameibiwa. Katika karne ya 13 mtoto mmoja aitwaye Onfim, anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka sita au saba, alikuwa akijifunza kuandika herufi, akachoka, akajichora akiwa juu ya farasi akimchoma adui mkuki, na pembeni akaandika jina lake. Nimefundisha watoto wa umri huo, na siwezi kueleza ipasavyo nilivyojisikia niliposimama mbele ya mchoro ule. Ukishaona hayo, kila kanisa utakaloingia baadaye litakuwa na watu ndani yake.

FundiMawe

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu kulala, ila swali lako la pili linastahili jibu kamili, kwa kuwa ndilo lililonipeleka Novgorod.

Ni kweli kwamba mji uliharibiwa. Majeshi ya Ujerumani yaliuteka Agosti 1941, na ulipokombolewa Januari 20, 1944, majengo yaliyobaki yakifaa hayakuzidi 40. Hata hivyo, Kanisa Kuu la Mtakatifu Sofia, lililojengwa kati ya mwaka 1045 na 1050 na Mwanamfalme Vladimir, mwana wa Yaroslav Mwenye Hekima, bado limesimama kwa kuta zake zilezile. Lilijeruhiwa, likaezekwa upya, lakini unene wa mawe yale utakuonyesha kwamba hukudanganywa. Juu ya msalaba wa kuba la katikati kuna sanamu ya njiwa, na wenyeji husimulia kwamba siku atakaporuka mji utaanguka. Wakati wa vita msalaba huo ulichukuliwa na askari wa Kihispania waliokuwa wakipigana upande wa Wajerumani, ukakaa Madrid kwa miaka mingi, na ulirudishwa mwaka 2004. Utaukuta ndani ya kanisa, na ulio juu ya kuba sasa ni nakala yake.

Upande wa pili wa mto, katika Kanisa la Kugeuka Sura lililoko mtaa wa Ilyina, kuna michoro ya ukutani ya Theophanes Mgriki ya mwaka 1378. Alitumia rangi ya udongo mwekundu, kisha akaweka michirizi michache ya nyeupe usoni na mikononi, na nyuso hizo zinaonekana kana kwamba zimemulikwa na radi. Haikubaki yote, lakini panda chumba cha juu kama kiko wazi, maana huko ndiko ilikohifadhika vizuri zaidi.

Kilichopotea nacho kitazame. Kanisa la Mwokozi la Nereditsa, la mwaka 1198, lilikuwa limejaa michoro ya karne ya 12 kutoka sakafuni hadi kubani; mizinga iliibomoa karibu yote, na jengo unaloliona leo lilijengwa upya juu ya mabaki. Katika uwanda wa Volotovo, kanisa la mwaka 1352 lilisagwa karibu lote, na wataalamu wamekusanya vipande zaidi ya milioni moja vya michoro yake, wakawa wakiviunganisha kimoja baada ya kingine na kurudisha baadhi yake ukutani. Wapo wanaoliita kanisa lililojengwa hivyo kuwa nakala tu. Mimi, ambaye kazi yangu ni mawe, siwezi kulitumia neno hilo kwa watu waliokaa miongo kadhaa wakitafuta kipande kimoja cha jicho la mtakatifu kinacholingana na kingine.

Safari_Salama

Niongeze ya matumizi. Unapokata tiketi, kituo huandikwa Novgorod-na-Volkhove, na usichanganye na Nizhny Novgorod, mji mwingine kabisa ulioko kwenye mto Volga. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini humo tangu Machi 2022, kwa hiyo badilisha fedha uwe na rubli taslimu za kutosha kabla ya kuondoka Saint Petersburg. Tembea na pasipoti pamoja na kadi ya uhamiaji uliyopewa mpakani, kwani hoteli itavihitaji ili kukuandikisha.

Makumbusho na makanisa ya kale hayafungwi yote siku ileile. Kila jengo lina siku yake ya mapumziko, basi tazama ratiba ya kila moja kabla ya kupanga. Wanawake hutarajiwa kufunika kichwa ndani ya makanisa yanayoendesha ibada, na wanaume huvua kofia.

MsafiriMakini

Nawashukuru sana nyote. Nimeamua kulala. Siku ya kwanza itakuwa ya Detinets na barua za magome, kisha jioni nivuke daraja. Asubuhi ya pili nitakwenda mtaa wa Ilyina. Mwalimu, je, uchimbaji wenyewe unaendelea hadi leo, na mgeni anaruhusiwa kuutazama? Na kama saa chache zikibaki, nichague Nereditsa au monasteri ya Yuriev?

Mwalimu_Rehema

Unaendelea, ndugu yangu. Uchimbaji wa Troitsky, karibu na ngome upande wa kusini, ulianza mwaka 1973, na majira ya joto wanafunzi na wataalamu huonekana wakifanya kazi humo. Utakachoona ni shimo pana lenye udongo mweusi uliolowa na magogo yaliyopangwa kama ngazi. Magogo hayo ni barabara: kila matope yalipozidi, wakazi walitandika sakafu mpya ya mbao juu ya ile ya zamani, na katika uchimbaji mwingine wa mjini humo, wa Nerevsky, zilihesabiwa tabaka 28, ya chini kabisa ikiwa imewekwa mwaka 953. Miaka hiyo inajulikana kwa kuhesabu pete za miti.

Kuhusu chaguo lako, ningekwenda Yuriev, kwa kuwa kuna basi la mjini linalofika huko na kanisa lake la Mtakatifu George lilianza kujengwa mwaka 1119. Simama nyuma ya monasteri, upande wa mto, mahali Volkhov unapoliacha Ziwa Ilmen. Misafara ya mashua kutoka kusini ilipitia hapo kuingia mjini, na nyumba za mbao za Vitoslavlitsy, makumbusho ya wazi, ziko karibu sana, unaweza kwenda kwa miguu.

Na ukifika mbele ya mchoro wa Onfim, tazama mikono ya watu aliowachora: idadi ya vidole haifanani.