Tupeane uzoefu: mlio wa gari uliokushtua, na ulichokuja kugundua

MkaziWaMbezi
Wakuu, habari za jioni. Leo nikiwa kwenye foleni Kimara Mwisho, gari ya pembeni ilikuwa inalia "ko! ko! ko!" kila tairi likigusa shimo, na mwenyewe ametulia tuli na watoto nyuma. Nilishusha kioo nimwambie, foleni ikamsogeza. Mlio ule naujua. Hebu tuambizane: gari yako ililia vipi, kumbe ilikuwa nini, na nani alikutoa hapo? Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotoka Japani yakiwa tayari na umri, kisha tunayapitisha Goba, Kinyerezi na Mbagala Kuu kila siku. Hili linatuhusu wote.

Kijana_wa_Temeke
Ko-ko-ko ni stabilaiza linki hiyo, mkuu, kile kichuma kidogo karibu na tairi kinachosaidia gari isilale kwenye kona. Kitu cha bei ndogo. Hakuna cha kuogopa.

MamaPacha_Tabata
Kaka wa Temeke, samahani, hapo siwezi kunyamaza. "Hakuna cha kuogopa" ndiyo kauli niliyopewa mimi.

Toyota IST yangu ilianza hivyo hivyo, kugonga mbele kushoto. Nikaipeleka gereji. Wakabadilisha stabilaiza linki, mlio ukabaki. Nikarudi, wakabadilisha bushi, zile raba za kwenye maungio, ukapungua kidogo halafu ukarudi na kitu kipya: ukikata kona, usukani unavuta. Nikawaambia wanyanyue gari kwa jeki watikise tairi mbele yangu. Fundi mkubwa akanijibu, "Mama, gari ya mtumba lazima iongee, wewe endesha." Nikaenda gereji nyingine, nako hawakuigusa hata kwa mkono wishiboni, ule mkono wa chuma unaolishikilia tairi. Wakapaka grisi, wakachukua hela.

Asubuhi moja nimewabeba pacha wangu kuwapeleka shule. Nimetokea Tabata Relini, nimeingia Mandela Road kuelekea Ubungo. Mnaijua ile barabara asubuhi: malori ya mizigo ya bandarini kushoto, daladala kulia, bodaboda katikati. Kabla sijafika External nikasikia "paaa!" kama bomba limepasuka. Usukani ukaninyang'anya mkono. Gari ikainama kushoto, ikaanza kujiburuza yenyewe kuelekea kwenye lori, chuma kinakwaruza lami, wanangu wanapiga kelele. Nilichoweza ni kuushika usukani kwa mikono yote miwili na kukanyaga breki taratibu, maana ningeikanyaga yote ingegeuka. Dereva wa lori, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa ameshaona, akapunguza mwendo akaniachia nafasi. Gari ikasimama imekaa mshazari, tairi la mbele limelala chini ya bodi kama mguu uliovunjika.

Ilikuwa boljointi, kile kiungo kinacholiunganisha tairi na wishiboni. Imechomoka yote. Vijana wa bodaboda ndio waliotutoa, wakawabeba watoto hadi ng'ambo ya barabara, mmoja akasimama na matawi kuzuia magari hadi breakdown ilipofika.

Hadi leo mmoja wa pacha hakai kiti cha kushoto. Kwa hiyo mtu akiniambia mlio ni wa kawaida, namuuliza: umeinyanyua gari ukatikisa tairi, au unakisia?

Bahari_Kigamboni
Pole sana mama. Nimesoma nikaacha chakula.

FundiMstaafu_Ilala
Mama, pole, na umeongea kweli tupu. Nimekaa chini ya magari miaka mingi, naomba niweke machache hapa.

Ukipita kwenye shimo inagonga: linki, bushi, boljointi, au shokapu imekufa. Huwezi kujua ipi kwa kusikiliza ukiwa umekaa ndani. Nyanyua kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise: likicheza, tazama beringi na boljointi. Shika kushoto na kulia: likicheza, tazama tai rodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi. Boljointi nyingine haionekani kwa mkono, mpaka fundi aibinye kwa mtaimbo chini ya wishiboni. Ukikata kona hadi mwisho ikalia "ta-ta-ta-ta", hiyo ni joint ya shafti inayozungusha tairi, na mara nyingi kifuniko chake cha mpira kilishachanika zamani, mchanga ukaingia, grisi ikatoka. Mvumo unaopanda kadiri unavyoongeza mwendo, na unaobadilika ukiyumbisha gari kidogo kulia au kushoto, ni beringi ya tairi. Breki ikipiga mluzi, mara nyingi pedi zimefika mwisho, kuna kibati kimewekwa makusudi kikuambie. Ikikwaruza, umechelewa, chuma kinakula diski.

Boljointi nunua mpya. Usiniletee ya mtumba kutoka Gerezani.

Spea_Gerezani
Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo umetuonea. Mtumba halisi kutoka Japani unadumu kuliko hivyo "vipya" vya boksi feki vilivyojaa Kariakoo. Nimeona boljointi mpya inaanza kucheza mvua moja tu ikipita.

FundiMstaafu_Ilala
Mlango, taa, bampa, hata injini nitachukua kwako mwanangu. Boljointi, pedi, tai rodi, hapana. Huwezi kujua imekula kilomita ngapi.

Spea_Gerezani
Na feki utaijuaje, mzee?

FundiMstaafu_Ilala
Kwa kununua duka ambalo mwenye duka ananijua kwa sura na stakabadhi yake ninayo.

Tegeta_Nyuki
Mie wangu ulikuwa mvumo wa giaboksi. "Uuuuu" kuanzia themanini. Gari ni ya sivitii (CVT), giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kupandana, gereji moja wakaijaza oili ya haidroliki ya kawaida. Ikaanza kutetemeka ikiondoka kwenye taa, kisha ikagoma kabisa Mwenge. Someni kijiti au kitabu cha gari: sivitii ina oili yake, kwa sababu mle ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli, ukiteleza unajila wenyewe.

Dereva_Mkongwe77
Ndiyo maana mimi nasema giaboksi isiguswe! Ikifika kilomita laki na nusu ukabadilisha oili, umeiua.

Tegeta_Nyuki
Kaka, haikufa kwa kubadilishiwa oili. Ilikufa kwa kuwekewa oili isiyo yake. Tofautisha.

Dereva_Mkongwe77
Nimesema isiguswe. Noah yangu haijaguswa na inakwenda Tanga na kurudi.

Bahari_Kigamboni
Jamani msituharibie uzi. Giaboksi mfungulieni uzi wake.

Mwl_Changanyikeni
Naleta jambo lisilo na mlio kabisa, ndiyo maana linanisumbua. Mifuko ya hewa ya Takata mnaikumbuka? Kiwanda cha Japani kilichofilisika mwaka 2017. Mifuko yake ilifungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, siyo moja, na Marekani peke yake takriban milioni 67 iliagizwa irudishwe ibadilishwe. Ile baruti inayojaza mfuko, amonia naitreti, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika. Gari ikigonga, badala ya mfuko kujaa vizuri, kile kikopo cha chuma kinapasuka na vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea. Sasa niambieni, joto na unyevu, kuna mahali vimezidi Dar?

Spea_Gerezani
Mwalimu, magari haya yako hapa miaka yote na sijasikia hata moja limepasuka.

Mwl_Changanyikeni
Utasikiaje, ndugu yangu? Mtu akifa ajalini tunasema ajali imemuua. Nani anafungua usukani kutazama?

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua namba ya chesisi kwenye kadi ya gari nikaenda kwa wakala wa hiyo chapa. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina namba fupi, siyo ile ya tarakimu na herufi 17, kwa hiyo kurasa za mtandao za Wamarekani za kukagua namba zitaikataa. Watengenezaji wa Japani wana kurasa zao zinazokubali hiyo fupi. Yangu ilikuwamo kwenye orodha ya yanayotakiwa kubadilishwa mfuko. Nikapangiwa siku, wakabadilisha, sikulipa.

MamaPacha_Tabata
Mwalimu, asante. Nimeshaitoa kadi kwenye droo.

Sinza_Mori
Na kama taa ya mfuko wa hewa haiwaki kabisa hata ukiwasha swichi? Yangu ndivyo ilivyo tangu nimenunua.

FundiMstaafu_Ilala
Hiyo mbaya. Ukiwasha swichi lazima iwake sekunde chache izime. Isipowaka kabisa, mara nyingi kuna mtu aliizima kwa makusudi auze gari, labda mfuko wenyewe ulishapasuka zamani na haumo. Usimruhusu fundi wa mtaani kuchomoa nyaya za njano kwenye usukani. Peleka wapime kwa mashine.

Dereva_Mkongwe77
Mkimaliza mifuko tazameni tairi. Pembeni kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Magari mengine yanashuka bandarini na tairi za theluji, mpira laini, kwenye lami ya Dar saa nane mchana zinalika upesi na breki hazishiki vizuri.

Tegeta_Nyuki
Hapo mkongwe nakubaliana na wewe.

Sinza_Mori
Nimetafuta kwenye ukurasa wa Kijapani, namba imekubali, imetoka maandishi mekundu na tarehe, sielewi hata neno moja. Mwalimu, nikutumie picha? Na anayejua kama mawakala wanapokea gari Jumamosi aseme, siku za kazi hii gari anaitumia mke wangu kwenda Bunju na ningependa isitembee tena kabla haijaangaliwa.