Naomba ushauri: farasi ananiburura ninapomwongoza kwa kamba ufukweni

Kijana wa Makunduchi

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Kwa miezi mitatu sasa nimeajiriwa kuwatunza farasi wanaopandwa na wageni katika ufukwe mmoja wa kusini mashariki mwa Unguja. Nimekulia kwenye gari la ng'ombe la babu yangu, na punda nimewaswaga tangu nikiwa mtoto, kwa hiyo nilipopewa kazi hii sikuona jambo la kunitisha. Kupanda si kazi yangu. Mimi huwatoa bandani, huwapeleka baharini jioni ili wapoze miguu, kisha huwarudisha.

Wanne hawana taabu. Wa tano, mwekundu mrefu aliyehasiwa, ndiye anayenitia mashakani. Wiki iliyopita maji yalikuwa yamekupwa, nami nilikuwa mbele yake namvuta kwa sababu alikuwa amegoma kushuka mchangani, na kamba nilikuwa nimeizungusha mara mbili kiganjani isije ikaniponyoka. Ghafla tiara ya mmoja wa wale wanaoteleza juu ya maji ikaanguka kwa kishindo nyuma yetu. Farasi aliruka mbele, akanikanyaga kisigino na kuniburura mpaka kwenye vigingi vya mwani kabla kamba haijafunguka, na kidole changu cha pete hakijakunjika sawasawa hadi leo. Mwajiri wangu ananiambia nimvute kwa nguvu zaidi ili ajue nani mkubwa. Je, ni kweli? Na mtu husimama wapi hasa?

Mtunza Banda

Wa alaykumu salaam, mwanangu, na pole kwa kidole. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na ninavyoona, kosa halikuwa la farasi, wala si upungufu wa nguvu zako.

Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa mahali pawili: mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia. Wewe ulikuwa umesimama katika pahala pamojawapo asipopaona, na tiara ikaangukia pa pili. Alichosikia ni kishindo tu, na njia ya kukimbilia ilikuwa ni ile uliyosimama wewe. Tena punda amekudanganya kidogo, kwa sababu punda akishtuka mara nyingi husimama akatafakari, ilhali farasi hukimbia kwanza.

Simama ubavuni mwake, kati ya kichwa na bega, ukiacha nafasi ya mkono mmoja, na utazame mnakokwenda. Watu wengi hukaa kushoto kwa mazoea, lakini mzoeze pande zote mbili, kwa kuwa ukiona kitu cha kutisha ni bora wewe uwe upande wa kitu hicho. Akiruka atakikimbia, na hivyo atakwenda mbali nawe. Ukiwa kushoto, mkono wa kulia ushike kamba kiasi cha shubiri moja chini ya hatamu, na kamba iliyobaki uikunje kwenda na kurudi, uishike katikati kwa mkono wa kushoto. Usiizungushe kiganjani wala kiunoni hata siku moja. Mkunjo wa namna hiyo hufunguka ukiachia, lakini mzunguko hukaza.

Kuhusu kumvuta, farasi wa kawaida ana kilo 400 hadi 500, kwa hiyo mashindano hayo humuwezi. Akigoma, mvute kidogo kwa pembeni ili ahamishe uzito wa miguu ya mbele, na mara tu atakapoinua mguu mmoja, legeza kamba. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa, umemfundisha kugoma.

Mchunga Ng'ombe Pemba

Kwetu huku ng'ombe mkaidi hutiwa kamba ya pua akatulia. Nimeona pia farasi aliyepitishwa mnyororo juu ya pua. Kwa nini kijana asijaribu?

Mtunza Banda

Kwa heshima, ndugu yangu, mimi simshauri. Mfupa wa pua ya farasi ni mwembamba kwa chini, naye hapumui kwa mdomo kama sisi. Ukimbana hapo wakati tayari ana hofu, unamwongezea sababu ya kuinua kichwa na kupiga miguu ya mbele. Mnyororo mkononi mwa mtu asiyejua kulegeza ni balaa.

Bibiye wa Jambiani

Mimi nina swali juu ya kuachia kamba farasi anaporuka. Farasi akitoroka ufukweni si neno kubwa, lakini sisi tunavuka barabara yenye bodaboda na daladala, na farasi aliye peke yake pale anaweza kumuua mtu. Je, tuachie hata hapo?

Mtunza Banda

Akishachomoka huwezi kumzuia, Bi mkubwa, ushike usishike. Tofauti ni kwamba ukishika mnaumia wawili. Tahadhari yote iwe kabla. Tumia kamba ya mita tatu, ili akiruka upate nafasi ya kusogea ubavuni ungali umeishika, na mvukeni pamoja na farasi mtulivu akiwa mbele. Viatu viwe vya kufunika vidole. Kandambili ziacheni nyumbani.

Kijana wa Makunduchi

Nashukuru sana. Leo alfajiri, kabla tiara hazijaanza kuruka, nilisimama begani kwake na kumwomba hatua moja moja. Alipogoma nilimvuta pembeni, nikalegeza, akateremka mpaka majini masikio yakiwa yamenielekea. Ila tulipokuwa tukigeuka kurudi alinisukuma kwa bega nusura nianguke, na mlangoni mwa banda alinipita kwa kasi kabla sijamfungua.

Mtunza Banda

Mgeuze aelekee upande usiokuwa wako, wewe ukizunguka kwa nje, na miguu yake itakuwa mbali na yako. Mlango wa banda ufungue wote, asije akagonga nyonga. Ingia naye, mzungushe mpaka uso wake uelekee mlangoni nawe uwe karibu na njia ya kutokea, msubiri atulie, ndipo umfungue.